Desemba Aliyobaki Dar Kutazama Vishale

Mume wangu Elimringi anauza vitasa, bawaba na kufuli kwa jumla, Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe, mwaka wa ishirini na sita sasa. Mpe kufuli azungushe ufunguo mara moja karibu na sikio, atakwambia kama ni chuma cha kweli au bati la kudanganyia watu. Hanywi, hachezi kamari, habari za mpira hazitaki. Wanawake wenzangu pale sokoni walikuwa wakiniambia nimeokota embe dodo. Nilikuwa nawajibu, ngojeni Desemba.

Desemba ni mwezi wa vishale. Huko London kuna mashindano ya dunia ambayo yanaanza katikati ya mwezi na kwisha kama siku ya tatu ya Januari, wanaume wanasimama kwenye mstari wakirusha vishale vitatu vitatu kwenye ubao wa duara. Sasa mtu mzima, mzee wa usharika, anaacha duka wakati Kariakoo huwezi hata kupitisha mguu, anakwenda kukaa mbele ya TV kutazama wazungu wenye vitambi wakirusha misumari. Mimi niliviita misumari makusudi, kwa sababu nilijua inamuuma.

Alikuwa anatazamia kwa Mzee Kishor. Huyu ni Mhindi mwenye duka la masufuria, milango miwili kutoka kwetu, anaishi ghorofani juu ya duka lake. Mkewe alifariki, watoto wako Uingereza, na hao watoto ndio wanaomlipia king'amuzi chenye chaneli zote ili asife kwa upweke. Alivikuta vishale akitafuta kriketi. Siku moja Elimringi alipanda kumuuliza habari ya mzigo, akaona ule ubao kwenye TV, akakaa. Toka siku hiyo kila Desemba saa tisa na nusu alasiri, ambapo London wanaanza kipindi cha mchana, alikuwa anafuta mikono, ananiachia duka, anapanda zile ngazi.

Mwaka mmoja nilipanda kumfuata nikiwa nimefura. Wateja wamejaa, vijana wa dukani wamechanganyikiwa, na mwenye duka yuko ghorofani. Nikawakuta wamekaa kimya kama wako ibadani, Mzee Kishor na bakuli la vitafunio vya chevda mapajani.

"Kaa dakika tano tu, Mama Vicky," Elimringi akaniambia bila kugeuka. "Halafu unifokee."

Nikakaa, shingo upande. Akanielekeza. Kila mtu anaanza na alama mia tano na moja, anazipunguza mpaka zifike sifuri kamili, zisizidi wala zisipungue, na kishale cha mwisho lazima kiingie kwenye ile pete nyembamba ya pembeni inayohesabiwa mara mbili. Ukumbini watu maelfu wanaimba, wamelewa chakari, wengine wamevaa kama ndizi, wengine kama masista, Mungu awasamehe. Mbele yao kasimama mtu mmoja mnene, jasho linamtiririka, amebakiwa na alama thelathini na mbili. Hakuna wa kumkaba. Hakuna mvua, hakuna refa wa kutupiwa lawama. Akavuta pumzi, akarusha, akakosa kwa unene wa ukucha. Akarusha tena, akakosa. Nikajikuta nimeshika kiti kwa mikono miwili, mimi niliyekuja kufoka.

"Umeona?" Elimringi akasema. "Hapa hakuna longolongo. Huko chini kila mtu ananitajia namba ya uongo, kuanzia anayeniletea kontena mpaka anayenunua bawaba mbili. Ubao haudanganyi. Ukiwa umebakiwa na thelathini na mbili, ni thelathini na mbili, uwe na cheo au usiwe nacho."

Mzee Kishor akaongeza kwamba kinachompendeza ni kuwa wale watu ni watu. Mmoja alikuwa fundi bomba, mwingine alikuwa anabeba vifurushi mlango kwa mlango. Ana miaka hamsini, ana kitambi, magoti yanamuuma, lakini mkono wake una kitu ambacho dunia nzima haina. "Mimi nikitazama mpira naona vijana," alisema. "Hapa najiona mimi."

Nilirudi dukani nikiwa nimeelewa, ingawa sikumwambia. Nilichogundua siku ile ni kwamba mume wangu anapiga zile hesabu haraka kuliko mashine yao. Mchezaji hajashusha mkono, yeye ameshasema kilichobaki. Na hilo hakujifunza kwenye TV.

Yeye na kaka yake Allan walishuka pamoja kutoka Mamba, mlimani kwetu Kilimanjaro, wakiwa vijana. Allan alikuwa mpakuzi bandarini. Jioni walikuwa wanakwenda baa moja Gerezani iliyokuwa na ubao wa vishale, na Allan alikuwa akishika vishale watu wanaacha kunywa. Aliwahi kushinda mbuzi, wakala mtaa mzima. Elimringi hakuwa anarusha. Yeye ndiye aliyekuwa anasimama pembeni na chaki akiandika na kutoa. Nawaambia, sijawahi kuona ndugu wanaopendana vile. Hata sauti zao ukisikia nje ya dirisha usingejua ni nani.

Miaka kumi na minne iliyopita lori la makontena lilimgonga Allan nje ya geti la bandari, akafa palepale. Mama mkwe wangu alikuwa ametoka kupasuliwa, presha iko juu. Kwetu mzee mgonjwa hapewi msiba kwa simu. Anaambiwa ndugu zake wakiwa wamemzunguka. Wakubwa wa ukoo walioko Dar wakakubaliana tunyamaze mpaka mwili ufike. Lakini mambo ya polisi na hospitali yakavuta siku tisa, na Mama alikuwa na desturi ya kuzungumza na Allan kila Jumapili. Ndipo wakamwambia Elimringi, wewe sauti yenu ni moja, mtulize.

Akamtuliza. Jumapili mbili alishika simu ya marehemu na kusema, "Sijambo hapa mama, kazi tu zimebana." Mimi nilikuwa nimekaa kitandani namwangalia, machozi yanamdondoka na sauti inacheka. Siku ya kumi jeneza likaingia uani. Mama hakupiga kelele. Alimgeukia Elimringi mbele ya watu wote, akasema, "Kumbe ni wewe uliyekuwa unaniitikia." Basi.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwetu imekwenda miaka kumi na minne. Tangu siku ile Mama hakuamini tena simu ya mtu yeyote. Alikuwa anasema jambo moja tu: Desemba njoo nikuone. Watu wa Dar wanatutania kwamba Wachaga Desemba wanakwenda nyumbani kuhesabiwa, nasi tunacheka nao. Kwa Elimringi haikuwa utani. Yeye ndiye kitinda mimba, ndiye wa kubaki na nyumba ya mama. Desemba kumi na tatu hakukosa hata moja. Alikuwa anatazama vishale siku za mwanzo, kisha tarehe ishirini na mbili anafunga duka tunapanda, na matokeo yote ya baadaye anayapata kwa simu kutoka kwa Mzee Kishor, kwa sababu kule kwetu mtandao unazunguka tu.

Mwaka ule, sasa, alitokea mtu wake. Yule mbeba vifurushi, ambaye walimfuatilia miaka na miaka akitolewa raundi ya kwanza au ya pili, akaanza kushinda. Akamtoa bingwa mmoja mkubwa siku tatu kabla ya Krismasi. Mechi yake iliyofuata ilikuwa tarehe ishirini na nane.

Usiku ule Elimringi aliweka sahani ya chakula pembeni. "Mama Vicky, mwaka huu sipandi. Nitakuja akitolewa."

"Na asipotolewa?"

"Basi baada ya fainali. Tarehe nne niko kwa Mama."

"Baba Vicky, unamwacha mama yako Krismasi kwa ajili ya mzungu ambaye hata jina lako hawezi kulitamka?"

Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema. "Anavyorusha anainua kidole cha mwisho. Kabla ya kurusha anagusa sikio. Ni Allan yule. Angefika hamsini, angekuwa vilevile. Nataka nimwone anafika mwisho, mara moja tu."

Ningekuwa mwanamke mwenye busara ningelala na hilo neno mpaka asubuhi. Lakini nilikuwa na hasira zangu nyingine. Wiki ile saluni moja walinipaka dawa ya nywele wakanisahau, ikaniunguza kichwa mpaka vidonda, na daktari akaamuru ninyolewe zote. Nilikuwa na upara, naumwa, na mume ananiambia habari za kidole cha mzungu. Nikamwambia, baki na misumari yako, mimi nitakwenda kwa mama yako peke yangu nikamweleze amezaa mtu gani. Hasira hasara. Vicky wetu ameolewa Mwanza, alikuwa na kichanga, hakuweza kuja. Nikapanda basi peke yangu tarehe ishirini na tatu.

Elimringi alimpigia Mama kumweleza kwamba atachelewa. Mama akasema "sawa" na kukata.

Nilifika Mamba jioni. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni, shuka begani, miaka themanini na minne, macho hayaoni mbali lakini ya karibu anaona. Wifi yangu Nice, anayekaa naye, akanipokea mzigo. Kichwa kilikuwa kinawaka moto kwa jasho la safari, nikavua kilemba kabla hata sijafikiri, nikainama.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. Aliweka kiganja juu ya kichwa changu, akakipapasa taratibu, mbele na nyuma. Kisha akatazama njia niliyotoka nayo, kama kuna mtu anakuja nyuma. Hakukuwa na mtu.

Ninyi wenyewe mnajua. Kwetu mwanamke ananyolewa akifiwa na mume. Nami nimekuja Desemba, peke yangu, kichwa cheupe, macho mekundu kwa vumbi na hasira. Nilielewa nilichokifanya mkono wake ukiwa bado kichwani mwangu.

"Mama, ni dawa ya saluni," nikasema. "Elimringi mzima kabisa, yuko dukani."

"Mmenificha tena," akasema. Akaomba apelekwe ndani.

Tulimweleza mpaka midomo ikakauka. Nikamwonyesha vidonda. Nice akaapa kwa jina la Yesu. Mama alitusikiliza kwa upole, ule upole wa mtu anayesikiliza watoto wakidanganya, kisha akauliza mwili utafika lini. Siku ya Krismasi mbuzi alichinjwa, Mama hakugusa nyama. Elimringi akapiga. Nikamwekea simu sikioni, nikasikia mume wangu anasema, "Mama, ni mimi, Elimringi wako."

Mama aliisukuma simu kwa vidole viwili. "Nani huyo mmempa kazi hii? Mwambieni mwanangu mwenyewe aliifanya vizuri zaidi."

Kesho yake tukapanda mpaka kanisani kwenye mtandao, nikamrekodi Elimringi akizungumza, uso wake wote, nikamletea Mama aone. Alitazama mpaka mwisho. "Hiyo ni picha," akasema. "Hata Allan ana picha." Akageukia ukutani.

Nikampigia Elimringi, nikamwambia aache kila kitu aje. Mama amekataa chakula, anakunywa maji tu.

"Anadeka," akasema. "Ni hasira za uzee, akiniona atacheka. Keshokutwa ndiyo mechi. Tarehe ishirini na tisa asubuhi niko kwenye basi."

Nilimtukana. Sitaandika nilichosema. Tarehe ishirini na nane yule mtu wake akashinda. Ningemwomba Mungu nini zaidi ya kishale kimoja kukosa? Alishinda kwa shida, dakika za mwisho, na Elimringi akanipigia analia kwa furaha, anasema robo fainali ni tarehe moja, siku nne tu, Mama Vicky, siku nne, hajawahi kufika hapa maishani. Nikamwambia mama yako leo hakumaliza hata kikombe cha maji. Akasema, "Mpeni uji mwepesi kwa kijiko." Nikakata simu.

Msimwone ni mtu mbaya. Nimeishi naye, namjua. Kuna mambo mtu akiyaogopa sana anayafanya madogo ili aweze kuyabeba. Lakini siku zile nilimchukia, na nasema wazi kwamba nilimchukia.

Tulimwita daktari wa zahanati. Akamtundikia dripu, Mama akaichomoa. Alimwambia daktari kwa adabu kwamba amezika mume na mwana, na huyu wa mwisho hataki kumsubiri tena kwenye kiti.

Tarehe moja alasiri nikampigia Mzee Kishor. Elimringi simu yake alikuwa ameizima ili atazame kwa utulivu. Nilisikia nyuma yake zile kelele za ukumbini.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, Candida. Heri ya mwaka mpya. Mama hajambo?"

Kumbe hakuwa ameambiwa lolote. Elimringi alikuwa amemwambia tu kwamba mwaka huu ameamua kupumzika safari. Nikamweleza yote, toka upara wangu mpaka dripu. Hakunikatiza. Nilichofuata kukisikia ni kelele za ukumbini kukatika ghafla, na sauti ya mume wangu kwa mbali ikisema, "Mzee, amebakiwa na thelathini na mbili, ana vishale vitatu."

"Mama yako amebakiwa na ngapi?" Mzee Kishor akamuuliza.

Elimringi hakuomba TV iwashwe. Mzee Kishor alinisimulia baadaye kwamba alisimama, akavaa viatu, akavikosea mguu, akavivua akavaa upya. Mzee mwenyewe alimsindikiza mpaka kituo cha mabasi, akamkatia tiketi ya basi la usiku, akakaa naye mpaka likaondoka. Njia nzima Elimringi aliuliza swali moja tu: kama mtu anaweza kuishi siku tisa bila kula.

Alifika asubuhi ya tarehe mbili. Nilikuwa uani nikamwona anapita kwenye migomba karibu akimbie, shati la jana, hana hata begi. Sikumsalimia. Nilimshika mkono nikamwingiza ndani.

Mama alikuwa amelala chali, amekuwa mdogo, mashavu yameingia. Elimringi akapiga magoti akaweka uso wake karibu kabisa na wa mama yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba," Mama akasema.

Siku tano hakuwa ameitikia salamu ya mtu. Nice akaanza kulia. Elimringi akanigeukia anacheka, machozi tele, kama anataka kuniambia si nilisema. Mama akainua mkono akampapasa uso, paji, pua, masikio yote mawili. Akatabasamu. Nikakimbilia jikoni kuchukua uji.

Niliporudi na bakuli Mama alikuwa anauliza, "Safari ilikuwa ndefu?"

"Ndefu, mama. Lakini nimefika."

"Na Allan umemwacha na nani?"

Nikaliweka bakuli chini.

"Mama," akasema, "mimi ni mzima. Nishike. Nimetoka Dar usiku huu, ni mimi Elimringi, sijafa."

"Najua, baba. Huko wote ni wazima." Alimpigapiga mkono, ndivyo alivyokuwa anambembeleza Vicky wetu akiwa mdogo. "Nilimwambia Nice utakuja wewe kunichukua, maana Allan njia hii ameshaisahau. Mbona umechelewa?"

Nilijua mume wangu atabishana. Mtu wa hesabu yule, hawezi kuacha jumla ikae vibaya. Nilimwona anafungua mdomo. Nilimwona anatazama ule uji, na kichwa changu, na mkono wa mama yake uliokuwa umebaki mifupa, na nikaona anaelewa kwamba hakuna kitu anachoweza kusema kwa sauti ile ambacho Mama atakiamini, kwa sababu ni sauti yake.

"Nimechelewa, mama," akasema. "Nisamehe."

"Allan hajambo?"

Alishusha pumzi. "Hajambo," akajibu. "Kazi tu zimebana."

Mama akafumba macho, ameridhika. Alifariki kabla ya saa sita mchana, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mwanawe. Msibani watu walimwambia Elimringi ana bahati kubwa, amemwahi mama yake akiwa hai, na yeye aliwaitikia mmoja mmoja, "Ndiyo, nilimwahi."